Fahamu Viungo Vyenye Saini na Gharama Yake kwa Faili za Umma

Mwananchi anayefuatilia matangazo ya taasisi za umma kupitia mtandao hukutana na kero mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni kiungo cha waraka, uwe fomu ya maombi, orodha ya walioitwa kwenye usaili au tangazo la zabuni, ambacho asubuhi kilifunguka bila shida lakini jioni kinarudisha ujumbe wa kukataliwa. Ya pili ni tovuti inayopakua upya nembo na picha zilezile kila ukurasa unapofunguliwa, huku kifurushi cha data kikizidi kupungua. Wengi huzichukulia kero hizo kuwa hitilafu mbili zisizohusiana. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo chanzo chake ni kimoja: faili zilizokusudiwa watu wote zinatolewa kwa viungo vyenye saini, yaani viungo vilivyobuniwa kwa ajili ya kulinda faili zisizo za wote.

Makala haya yanaeleza kiungo chenye saini ni nini, kinagharimu nini kinapotumika mahali pasipostahili, wapi ni lazima kitumike, na hatua ambazo msimamizi wa tovuti pamoja na mwananchi wanaweza kuchukua.

Kiungo chenye saini ni nini

Tovuti nyingi za sasa hazihifadhi picha na nyaraka zake katika seva ileile inayotengeneza kurasa. Faili hizo huwekwa katika hifadhi ya wingu, ambayo ni ghala kubwa la kukodi linalofikiwa kwa intaneti. Hifadhi inayofahamika zaidi ni Amazon S3, iliyoanza kutoa huduma Machi 2006. Google na Microsoft nazo zina hifadhi za aina hiyo.

Faili katika ghala hilo inaweza kuwa ya umma au ya faragha. Ikiwa ni ya umma, yeyote mwenye anwani yake huifungua. Ikiwa ni ya faragha, ghala hukataa kila ombi lisilo na uthibitisho. Kiungo chenye saini ndiyo njia ya kumpa mtu uthibitisho huo kwa muda mfupi bila kumkabidhi ufunguo wa ghala. Seva ya tovuti huchukua anwani ya faili, saa ya sasa na muda wa uhai wa kiungo, kisha hupiga hesabu kwa kutumia ufunguo wake wa siri na kupata saini. Saini hiyo huongezwa mwishoni mwa anwani, baada ya alama ya kuuliza. Ghala linapopokea ombi hurudia hesabu ileile. Majibu yakilingana na muda ukiwa haujapita, faili hutolewa.

Kwa Amazon S3, hesabu hiyo hufanywa kwa utaratibu uitwao HMAC-SHA256, na saini inayopatikana huwa na herufi na tarakimu 64. Ndiyo maana anwani ya namna hii huwa ndefu na hubeba maneno kama X-Amz-Date, X-Amz-Expires na X-Amz-Signature. Muda wa juu kabisa wa uhai wa kiungo katika utaratibu huo ni siku 7, sawa na sekunde 604,800. Muda unaopangwa na programu nyingi ni mfupi kuliko huo.

Mfano ulio wazi unapatikana katika Django, mfumo wa kutengenezea tovuti unaotumika duniani kote. Wasanidi wengi wa Django huunganisha tovuti zao na hifadhi ya wingu kupitia programu ya ziada iitwayo django-storages. Kwa mipangilio yake ya awali, programu hiyo huweka saini katika kila kiungo cha faili iliyoko Amazon S3, na kila kiungo huishi sekunde 3,600, yaani saa moja. Chaguo hilo ni la tahadhari na lina mantiki, kwa kuwa ni afadhali programu ifunge mlango hadi mwenye nyumba aamue kuufungua. Tatizo huanza pale msanidi anapoziweka faili za umma bila kubadilisha mpangilio huo.

Kupiga saini si mzigo mkubwa

Watu wanapoambiwa kwamba viungo vyenye saini hupunguza kasi ya tovuti, hudhani kwamba hesabu ya saini ndiyo inayochelewesha. Sivyo ilivyo. Hesabu hiyo hufanyika ndani ya seva ya tovuti yenyewe. Seva haihitaji kuwasiliana na ghala ili kutengeneza kiungo. Kwa kompyuta ya leo, saini moja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mzigo huonekana pale viungo vinapokuwa vingi. Ukurasa wenye orodha ya nyaraka 300 huhitaji saini 300, na programu hufanya kazi nyingine kuzunguka kila saini: kusoma hati za utambulisho, kupanga sehemu za anwani na kuziandika kwa namna inayokubalika. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila msomaji anayefungua ukurasa. Siku ya tangazo kubwa, maelfu ya watu wanapoingia kwa wakati mmoja, seva hujikuta ikitumia nguvu yake kutia saini vitu ambavyo havikuhitaji saini.

Ukurasa wenyewe nao huongezeka uzito. Saini na maelezo yanayoambatana nayo huongeza zaidi ya herufi 250 katika kila anwani. Ukurasa wenye viungo 100 hubeba herufi zaidi ya 25,000 za ziada kabla ya picha hata moja kupakuliwa. Teknolojia ya kubana kurasa husaidia kwa maneno yanayojirudia, lakini haisaidii sana kwa saini zenyewe, kwa kuwa kila saini ni tofauti na haina mpangilio unaojirudia.

Pamoja na hayo yote, gharama hizo ni ndogo zikilinganishwa na ile inayofuata.

Gharama halisi ni kupotea kwa akiba

Kivinjari cha simu au kompyuta kinapopakua nembo ya tovuti kwa mara ya kwanza, huiweka katika akiba. Msomaji anapokwenda ukurasa wa pili wenye nembo ileile, kivinjari huichukua katika akiba hiyo bila kutumia data. Utaratibu huu umewekwa katika viwango vya kimataifa vya intaneti. Waraka unaoutawala kwa sasa, RFC 9111, ulitolewa Juni 2022.

Kivinjari hutambua faili kwa anwani yake nzima, pamoja na yote yaliyoandikwa baada ya alama ya kuuliza. Anwani mbili zikitofautiana kwa herufi moja tu, kwake hizo ni faili mbili. Hapo ndipo saini inapoleta hasara. Kwa kuwa saa ya kutiwa saini huingia katika hesabu hadi kiwango cha sekunde, ukurasa uliofunguliwa saa nne kamili na ule uliofunguliwa sekunde moja baadaye hubeba anwani tofauti za nembo ileile. Kivinjari hutafuta anwani mpya katika akiba, hakiioni, na hupakua upya. Akiba hujaa nakala za kitu kimoja ambazo hazitatumika tena.

Hata njia nyepesi ya uhakiki hupotea. Kwa kawaida, faili iliyokaa muda mrefu katika akiba humfanya kivinjari aulize seva kama imebadilika. Ikiwa haijabadilika, seva hujibu kwa ujumbe mfupi wenye namba 304 usiobeba faili. Anwani inapokuwa mpya kila mara, kivinjari hakina nakala ya kuiulizia, hivyo faili nzima husafiri tena.

Hesabu rahisi huonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuseme kila ukurasa wa tovuti una faili za pamoja, kama nembo, mitindo ya maandishi na picha za juu, zenye megabaiti 1.2, na maudhui yake pekee yana megabaiti 0.3. Msomaji anafungua kurasa 5. Viungo vikiwa vya kudumu, atapakua megabaiti 1.2 mara moja na 0.3 mara tano, jumla megabaiti 2.7. Viungo vikibadilika kila ukurasa, atapakua megabaiti 7.5. Kwa wasomaji 10,000 wa namna hiyo, tofauti ni kati ya gigabaiti 27 na gigabaiti 75. Sehemu ya gharama hiyo hulipwa na mwenye tovuti kwa mtoa huduma wa wingu, kwa kuwa data inayotoka ghalani hutozwa, na sehemu nyingine hulipwa na mwananchi kutoka katika kifurushi chake.

Umbali nao una uzito wake

Hasara ya akiba huwa kubwa zaidi pale ghala linapokuwa mbali na msomaji. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Ireland, ambako Amazon ina mojawapo ya vituo vyake vya zamani barani Ulaya, ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Ombi moja, kwenda na kurudi, haliwezi kuchukua chini ya milisekunde 70, na kwa hali halisi huchukua zaidi kwa sababu mikongo haipiti mstari ulionyooka. Kituo cha kampuni hiyo cha Cape Town kilifunguliwa Aprili 2020, na kimesogeza huduma karibu kidogo na Afrika Mashariki, lakini umbali bado ni wa maelfu ya kilomita.

Ili kupunguza umbali huo, tovuti hutumia mitandao ya kusambaza maudhui, ambayo huweka nakala za faili katika miji mingi ili msomaji ahudumiwe na kituo cha jirani. Mitandao hiyo nayo, kwa kawaida, hutambua faili kwa anwani. Anwani ikibadilika kwa kila msomaji, kituo cha jirani hakina nakala ya kutoa, na kila ombi huvuka bahari kana kwamba kituo hicho hakipo.

Wakazi wa Afrika Mashariki wanafahamu maana ya jambo hilo. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilishusha kwa kiasi kikubwa huduma ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Katika siku za namna hiyo, faili iliyokwisha kuwekwa katika simu ya msomaji au katika kituo cha karibu hupatikana. Faili ambayo ni lazima iombwe upya ng'ambo kila mara hugombea nafasi finyu iliyobaki na kila kitu kingine.

Viungo vinavyokufa kabla ya tangazo

Gharama nyingine haipimwi kwa megabaiti. Mwananchi anaponakili kiungo cha tangazo na kukituma katika kundi la WhatsApp la kijiji, anakuwa amefanya kazi ya uenezi kwa niaba ya taasisi. Ikiwa kiungo hicho kina saini ya saa moja, atakayekifungua baada ya chakula cha jioni atakuta ujumbe wa kukataliwa. Kwa mwenye kusubiri fomu yenye tarehe ya mwisho, huo si usumbufu mdogo. Anaweza kudhani tangazo limeondolewa au lilikuwa la uongo, na nafasi ikampita.

Vivyo hivyo kwa mitambo ya kutafuta habari mtandaoni. Mtambo unapoorodhesha anwani iliyokwisha muda, anayebofya matokeo hafiki kwenye waraka. Vitabu, barua rasmi na taarifa za habari zinazotaja anwani hiyo nazo hubaki na rejea isiyofunguka.

Tatizo hilo hujitokeza pia ndani ya tovuti yenyewe. Wasimamizi wengi huhifadhi ukurasa uliokwisha kutengenezwa ili kupunguza mzigo wa seva. Ukurasa ukihifadhiwa kwa saa 24 ilhali viungo vilivyomo vinaishi saa 1, basi kwa saa 23 zinazobaki wasomaji watapokea ukurasa wenye picha zisizoonekana na nyaraka zisizofunguka. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kuibaini, kwa sababu msimamizi anapoutengeneza ukurasa upya ili kuukagua, kila kitu hufanya kazi.

Mlango ulio wazi na mlinzi anayekagua vibali

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba saini juu ya faili ya umma haiongezi ulinzi wowote. Ikiwa ghala limeruhusu kila mtu kuisoma faili, mtu anaweza kufuta alama ya kuuliza na yote yanayoifuata, na faili itafunguka. Hata hivyo, kiungo kikiletwa na saini iliyokwisha muda, Amazon S3 hulikataa ombi hilo, hata kama faili ni ya umma. Ni sawa na ofisi ambayo mlango wake uko wazi kwa wote, lakini anayekuja na kibali kilichopitwa na wakati anarudishwa, huku aliyekuja mikono mitupu akiingia.

Kwa hiyo tovuti hulipa gharama zote za ulinzi, mwananchi hupata usumbufu wote wa ulinzi, na hakuna kinacholindwa.

Mahali ambapo saini ni ya lazima

Haya hayana maana kwamba viungo vyenye saini ni vibaya. Vina kazi yake, na kazi hiyo ni muhimu. Vyeti vya kuzaliwa vilivyopakiwa na waombaji, nakala za vitambulisho, taarifa za afya, hati za malipo na barua za mtu binafsi ni lazima zikae katika hifadhi ya faragha na kutolewa kwa muda mfupi kwa mhusika pekee. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu mwaka 2019. Kuziweka nyaraka kama hizo wazi kwa ajili ya kuongeza kasi ni kosa kubwa kuliko lile la kuitia saini nembo.

Ieleweke pia kwamba kiungo chenye saini hufunguka kwa yeyote atakayekishika wakati kingali hai. Mwenye kupewa kiungo cha waraka wake binafsi asikitume kwa wengine kwa kudhani kwamba kinamtambua yeye peke yake.

Hatua za kurekebisha

Hatua ya kwanza ni kutenganisha faili katika makundi mawili kabla ya kugusa mpangilio wowote. Faili za umma, zikiwemo nembo, mitindo, picha za habari, sheria, fomu na matangazo, zikae katika ghala lake. Faili za watu binafsi zikae katika ghala lingine lililofungwa. Makosa mengi hutokea pale makundi hayo yanapochanganywa katika ghala moja lenye kanuni moja.

Hatua ya pili ni kuzima saini kwa kundi la umma pekee. Katika django-storages, mpangilio unaohusika ni AWS_QUERYSTRING_AUTH, ambao hubadilishwa kuwa False kwa ghala la umma na kuachwa kama ulivyo kwa ghala la faragha. Msimamizi anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba ghala la umma linasomeka, kwa kuwa tangu Aprili 2023 maghala mapya ya Amazon S3 hufunguliwa yakiwa yamezuia usomaji wa umma.

Hatua ya tatu, iliyo bora zaidi kwa tovuti zenye wasomaji wengi, ni kuuweka mtandao wa kusambaza maudhui mbele ya ghala. Ghala hubaki limefungwa, na mtandao huo ndio pekee unaoruhusiwa kulisoma. Mwananchi hupewa anwani fupi isiyobadilika, na nakala huhifadhiwa karibu naye.

Hatua ya nne ni kuipa kila faili ya umma maelekezo ya muda wa kukaa katika akiba. Faili za mitindo na nembo zinaweza kuruhusiwa kukaa mwaka mzima, sawa na sekunde 31,536,000, mradi jina la faili libadilike maudhui yake yanapobadilika. Django ina utaratibu wa kuongeza katika jina la faili alama ya herufi 12 inayotokana na maudhui yake, hivyo faili mpya hupata anwani mpya na ya zamani haimpotoshi mtu.

Pale ambapo saini haiepukiki lakini faili husomwa mara nyingi, zipo njia za kupunguza hasara. Seva inaweza kuhifadhi kiungo kilichokwisha kutiwa saini na kukitumia tena hadi kinapokaribia kuisha, badala ya kutengeneza kipya kwa kila ukurasa. Inaweza pia kuirudisha saa ya saini hadi mwanzo wa saa iliyopo, ili maombi yote ya saa hiyo yapate anwani moja, mradi muda wa uhai wa kiungo uzidi saa hiyo. Vilevile, baadhi ya mitandao ya kusambaza maudhui, kama CloudFront, ina saini yake yenyewe inayokaguliwa katika kituo cha jirani na ambayo haihesabiwi katika utambuzi wa nakala, hivyo ulinzi na akiba hufanya kazi pamoja.

Anachoweza kufanya mwananchi

Mwananchi hahitaji utaalamu kutambua kiungo chenye saini. Anwani ndefu yenye alama ya kuuliza na maneno kama Signature au Expires ni dalili ya kutosha. Akikutana nayo kwenye tangazo la umma, ni vyema apakue waraka mara moja na kuuhifadhi, badala ya kutegemea kurudi baadaye. Anapotaka kuwajulisha wengine, atume anwani ya ukurasa wa tangazo na si ya faili, kwa kuwa ukurasa unapofunguliwa upya kwa kawaida hutengeneza kiungo kipya.

Kiungo kikikataa kwa sababu muda umepita, anaweza kujaribu kufuta kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho. Faili ikiwa ni ya umma itafunguka. Ikikataa, maana yake ghala limefungwa, na njia iliyobaki ni kurudi kwenye ukurasa wa tangazo katika tovuti ya taasisi husika. Tatizo likiendelea, taarifa kwa taasisi hiyo iambatane na anwani ya ukurasa, saa na tarehe, kwa sababu katika hitilafu hii saa ndiyo ushahidi mkuu.